Kura yako ikiguswa: mahakama ipi, lini, na uende na nini

Nilifundisha shule ya msingi hadi nikastaafu, na sasa ni msaidizi wa kisheria hapa Pasua, Moshi. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 imenipa kazi hiyo pamoja na mipaka yake: naruhusiwa kukuelimisha, kukuelekeza na kukusindikiza, siruhusiwi kusimama mbele ya hakimu kama wakili, wala kukutoza hela. Kwa hiyo haya si ushauri wa wakili. Ni maneno ninayowaambia wanaopiga hodi kwangu uchaguzi ukipita, na nayaandika sasa kwa sababu wakati wa kampeni hakuna anayesikiliza.

Wanakuja na hasira, na mara nyingi hasira yao ina sababu. Nawapa kiti na maji, kisha nauliza maswali matatu makavu: wewe mwenyewe umeguswaje? Ilikuwa tarehe ngapi? Karatasi iko wapi? Kijana mmoja wa bodaboda wa Kiborloni alining'akia: "Mwalimu, shikamoo yako, lakini mimi nazungumzia wizi wa kura, wewe unaniuliza karatasi!" Nikamwambia akae. Mashauri mengi ya uchaguzi nchini kwetu hayafi kwa sababu jaji ameridhika kwamba kura hazikuibwa. Hufa mapema zaidi, kwenye pingamizi la awali, pale wakili wa upande wa pili anaposimama na kusema: huyu amechelewa, au amekuja mahakama isiyo yake, au jambo hili halimhusu. Bahasha ya ushahidi haijafunguliwa hata kidogo.

Anza na wewe mwenyewe

Watu wazima wa Arusha wanaikumbuka kesi ya Godbless Lema, ila wengi wanaikumbuka nusu. Lema alishinda ubunge wa Arusha Mjini mwaka 2010. Wapiga kura watatu wakaenda Mahakama Kuu pale Arusha wakidai kwamba kwenye kampeni alimtolea mgombea mwenzake lugha ya kumdhalilisha na ya kibaguzi. Aprili 2012 Mahakama Kuu ikamvua ubunge. Desemba mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ikamrudishia.

Ukikaa kijiwe cha kahawa chochote kuanzia Kaloleni hadi Sakina utaambiwa Rufani ilisema maneno yale hayakusemwa. Sivyo. Kilichoamua ni swali la mwanzo kabisa: wapiga kura wale walinyang'anywa nini? Hakuna aliyewazuia kujiandikisha, kupiga kura, wala kumchagua wamtakaye. Kama kuna aliyetukanwa, ni mgombea, na mgombea angeweza kuja mwenyewe. Mahakama ikasema mpiga kura anayetaka matokeo yatenguliwe lazima aonyeshe haki yake yeye, kama mpiga kura, ilivyoingiliwa.

Binafsi naona mahakama iliubana mlango kupita kiasi, maana mgombea akishanunuliwa au akitishwa nani atalalamika? Lakini huo ndio mlango uliopo. Kwa hiyo unapoandika maelezo yako, sentensi ya kwanza iwe na jina lako na kilichokupata: nilifika kituo fulani saa mbili na robo, nikatoa kadi, nikaambiwa jina langu limeshapigiwa kura. Usianze na hali ya demokrasia barani Afrika. Hayo mwachie wakili, yeye analipwa kwayo.

Karatasi

Siku hiyohiyo, kabla hujaoga, andika. Daftari la shule linatosha. Jina la kituo kama lilivyobandikwa mlangoni; saa; cheo cha aliyekuzuia (msimamizi wa kituo, msimamizi msaidizi, karani mwongozaji, askari); alisema nini kwa maneno yake; nani alikuwa nyuma yako kwenye foleni na anapatikana wapi. Weka tarehe, weka sahihi.

Kisha omba uamuzi kwa maandishi. Hapa watu wetu wana haya. Tumelelewa kumheshimu mtu aliyekaa nyuma ya meza, na kumwambia "naomba uniandikie" kunaonekana kama ujeuri. Si ujeuri. Sema kwa upole: "Mheshimiwa, nimekuelewa, naomba uniandikie hapo kwamba umenikatalia na sababu." Akikataa kuandika, andika kwamba amekataa kuandika, saa ngapi, na nani alisikia.

Matokeo ya kituo hubandikwa nje. Ile fomu ya wabunge ambayo watu wamezoea kuiita 21B, ipige picha ikiwa ukutani, picha moja ya karibu namba zisomeke, nyingine ya mbali kituo kionekane. Simu ndani ya chumba cha kupigia kura ni kujitafutia kesi nyingine. Na usiitume tu kwenye kundi la WhatsApp ukaridhika. Ikishasambazwa mara elfu hakuna atakayejua nani aliipiga, na mahakamani anayetakiwa ni aliyeipiga.

Haya yote baadaye yanageuka kiapo. Kiapo hakibishani, hakihubiri. Kinasema ulichoona, ulichosikia na kutoka kwa nani, unaapa mbele ya kamishna wa viapo, ambaye kwa kawaida ni wakili mwenye muhuri. Kimoja kati ya vitu vinavyoharibu kiapo ni kuchanganya ulichokiona na ulichosimuliwa na shemeji.

Jina lako kwenye daftari

Hapa ndipo ningependa watu wapoteze muda mwingi zaidi, na ndipo wanapopoteza mchache zaidi. Katiba, ibara ya 5, inampa kila raia aliyetimiza miaka 18 haki ya kupiga kura, lakini bila jina daftarini haki hiyo unaibeba mfukoni tu. Daftari la Kudumu la Wapiga Kura linatunzwa na Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi, na huboreshwa kwa awamu. Mzunguko wa karibuni ulianza Kigoma Julai 2024. Anayeandikishwa ni aliyefikisha miaka 18 au atakayeifikisha siku ya uchaguzi, kwa hiyo mwanao wa kidato cha nne huenda anastahili na hajui.

Tume huliweka wazi daftari la awali vituoni. Ni siku chache, na hazina shamrashamra kama kampeni; hakuna kofia wala fulana. Nenda. Soma jina herufi kwa herufi. Hapa Kilimanjaro tuna akina Mushi, Moshi na Mosha katika ukoo mmoja wa mtaa, na kidole cha mwandishi kikiteleza kidogo umekuwa mtu mwingine. Ukikuta umeachwa, au umekuta jina la marehemu bado lipo, weka pingamizi kwa afisa mwandikishaji kwa fomu yake, upewe uthibitisho kwamba umeiwasilisha. Usiporidhika na uamuzi wake, unakwenda Mahakama ya Wilaya. Ni njia fupi na nyepesi kuliko zote nitakazozitaja, na kwa miaka niliyokaa kwenye kazi hii naiona imelala bila kutumiwa.

Sasa jambo linalowachanganya hata wasomi. Uchaguzi wa serikali za mitaa si wa Tume. Ule wa 27 Novemba 2024 uliendeshwa na TAMISEMI, ofisi ya serikali inayosimamia tawala za mikoa na serikali za mitaa, ukawa na orodha yake ya wapiga kura iliyoandikwa kwa siku 10, kuanzia 11 hadi 20 Oktoba. Kadi ya Tume haikukuingiza kwenye orodha ile. Bibi mmoja wa Njoro alinijia akitetemeka kwa hasira, ameonyesha kadi yake kituoni kama pasi ya kusafiria, amerudishwa. Hakuwa na kesi. Hakujiandikisha kwenye orodha, basi. Anayepinga matokeo ya mwenyekiti wa mtaa au kijiji naye huanzia Mahakama ya Wilaya, ndani ya siku 30. Kila uchaguzi una njia yake: ukipanda Noah ya Himo huwezi kushuka Arusha, hata ukimlilia dereva.

Kupinga matokeo ya ubunge

Ibara ya 83 ya Katiba inapeleka shauri la uhalali wa ubunge Mahakama Kuu, na rufaa yake Mahakama ya Rufani. Sisi wa Moshi tuna Mahakama Kuu yetu hapahapa, wa Arusha wana yao. Udiwani huanzia mahakama za chini. Wanaoweza kufungua ni aliyepiga kura au aliyekuwa na haki ya kupiga, mgombea, anayedai alistahili kuteuliwa au kuchaguliwa, na Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Kama ni mpiga kura, rudi ukasome tena habari ya Lema hapo juu.

Siku ni 30. Zinahesabiwa tangu matokeo yalipotangazwa, si tangu ulipopata nakala, wala tangu chama chako kilipomaliza vikao. Na usisubiri siku ya mwisho: mashauri sasa yanafunguliwa kwa mfumo wa kielektroniki wa mahakama, ada unalipa kwa namba ya kumbukumbu, na upande wa pili hupenda sana kudai kwamba shauri halijafunguliwa hadi ada ilipwe. Mtandao ukikatika saa kumi jioni ya siku ya 30, hakuna wa kumlaumu.

Kuhusu gharama, hapa kuna kesi ninayoipenda kuliko zote. Zamani sheria ya uchaguzi ilitaka anayefungua shauri kwanza aweke dhamana ya shilingi milioni 5, la sivyo shauri halipangiwi siku ya kusikilizwa. Julius Ndyanabo, aliyekuwa akipinga matokeo ya jimbo la Nkenge kule Kagera, akasema huu ni mlango wa matajiri. Februari 2002 Mahakama ya Rufani, Jaji Mkuu Samatta akiwemo, ikakubaliana naye: kifungu kile kilikiuka haki ya kila mtu kusikilizwa na mahakama, na Katiba ni chombo hai kisichopaswa kusomwa kibahili. Bunge likairudisha dhamana baadaye kwa sura nyingine, ikiwa na nafasi ya kuiomba mahakama ikupunguzie. Kwa hiyo mwambie wakili wako mapema, kwa maneno yako, kwamba huna hela, ili ombi hilo liende mara moja. Watu huficha ufukara wao mbele ya wakili, wakati kwenye hatua hii ufukara ni sehemu ya hoja.

Ujue pia uzito wa mzigo. Kuonyesha kwamba taratibu zilikiukwa hakutoshi. Lazima uonyeshe ukiukwaji uliathiri matokeo. Na mahakama zetu zimeshikilia kwamba kutengua uchaguzi kunahitaji uthibitisho usioacha shaka, karibu kama kesi ya jinai. Tofauti ya kura 12,000 haiondolewi na kituo kimoja kilichofunguliwa saa moja nyuma ya wakati.

Urais ni habari nyingine. Ibara ya 41(7) inasema Tume ikishatangaza kwamba mgombea amechaguliwa kuwa Rais, hakuna mahakama itakayochunguza uchaguzi huo. Wakili Jebra Kambole aliipeleka ibara hiyo Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu, iliyoko Arusha, ambayo Julai 2020 ilisema inakiuka Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na ikaipa serikali miaka miwili kuirekebisha. Anayekuja kwangu na shauri la kura za urais namwonyesha ibara aisome mwenyewe, kwa sauti.

Tatizo likiwa ni sheria yenyewe

Wakati mwingine afisa hajakosea kitu. Ametekeleza sheria iliyokunyima haki. Hapo huendi kupinga matokeo, unakwenda kupinga sheria. Ibara ya 30(3) inamruhusu anayeona haki yake imevunjwa, inavunjwa au inaelekea kuvunjwa kwenda Mahakama Kuu, na utaratibu uko kwenye Sheria ya Utekelezaji wa Haki na Wajibu wa Msingi ya 1994. Shauri likifika kusikilizwa linakaliwa na majaji watatu. Marekebisho ya 2020 yaliongeza sharti kwamba uape ulivyoathirika wewe binafsi, na kwamba umemaliza njia nyingine zilizopo. Sharti hilo limepiganiwa mahakamani, kwa hiyo swali la kwanza kwa wakili liwe linasimamaje siku hiyo unayotaka kufungua.

Inaweza kuzaa matunda. Sheria ilikuwa inamnyima kura aliyehukumiwa kifungo kinachozidi miezi sita. Wananchi wawili wakaipinga, na Desemba 2022 Mahakama Kuu ikaona kifungu hicho kinapingana na Katiba. Kwenye uboreshaji wa daftari uliofuata, vituo vya kuandikisha vikafika hadi magerezani. Hakukuwa na maandamano wala hotuba. Kulikuwa na hati ya kiapo.

Inaweza pia kukuzungusha. Mei 2019 Mahakama Kuu ilisema si sawa wakurugenzi wa halmashauri, wanaoteuliwa na Rais, kusimamia uchaguzi. Oktoba mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ikaupindua uamuzi huo. Bob Chacha Wangwe, aliyefungua shauri hilo, na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu wakaendelea hadi Mahakama ya Afrika, wakapata hukumu Juni 2023.

Wa kuzungushwa kuliko wote ni Mchungaji Christopher Mtikila. Alifungua shauri Dodoma mwaka 1993 akitaka mtu aweze kugombea bila chama. Mwaka 1994 Jaji Lugakingira akampa haki. Bunge likabadili Katiba ili kuifuta. Mtikila akarudi mahakamani 2005, akashinda tena Mahakama Kuu 2006, kisha Juni 2010 Mahakama ya Rufani ikasema hilo ni la Bunge, si la majaji. Akapanda Arusha. Tarehe 14 Juni 2013 Mahakama ya Afrika ilisema Tanzania imekiuka haki yake ya kushiriki katika uongozi wa nchi yake. Miaka 20 tangu Dodoma. Mtikila alifariki Oktoba 2015 kwa ajali ya gari, na Katiba bado inadai mgombea adhaminiwe na chama. Wenye haraka wanaisoma habari hii kama kushindwa. Mimi huwaambia waisome hukumu ya 1994: hoja kwamba mwananchi wa kawaida, akisimama kwenye ibara ya 26(2), anaweza kwenda mahakamani kuitetea Katiba imenukuliwa na mawakili hadi leo. Unaweza kuzisoma hukumu bure kwenye TanzLII, tovuti ya sheria na hukumu za Tanzania. Nyingi ni za Kiingereza, ingawa tangu 2021 sheria imekifanya Kiswahili lugha ya mahakama. Mwombe kijana mwenye uelewa akutafsirie kurasa za mwisho kwanza, maana ndipo amri zilipo.

Zile mahakama mbili za Arusha

Kwa kuwa tunakaa karibu nazo, watu wa huku hudhani ni za kwetu. Nimeona mzee akitoka Hai asubuhi na bahasha ya kaki akielekea "mahakama ya kimataifa" kuhusu kura za kitongoji. Nikamuomba, "Baba, kaa kwanza."

Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu kwa sasa haipokei shauri jipya la mwananchi wa Tanzania moja kwa moja. Serikali iliweka tamko la kuruhusu hilo mwaka 2010, ikaliondoa Novemba 2019, na mwaka mmoja baadaye mlango ukafungwa. Hukumu ulizosikia baada ya hapo ni za mashauri yaliyokuwa yameshafunguliwa. Yeyote atakayekuomba nauli na "ada ya kufungulia" akupeleke huko, mnyime.

Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki bado ipo wazi. Mkazi yeyote wa nchi mwanachama anaweza kupinga sheria au kitendo cha serikali kinachokiuka Mkataba wa Jumuiya, ambao unazitaka nchi kufuata demokrasia na utawala wa sheria, na huhitaji kumaliza kwanza mahakama za nyumbani. Ndiyo njia waliyotumia Freeman Mbowe na wenzake dhidi ya marekebisho ya 2019 ya Sheria ya Vyama vya Siasa. Machi 2022 mahakama ikaona vifungu kadhaa vinakiuka Mkataba. Ila una miezi miwili tu tangu sheria ilipopitishwa au ulipoijua, na mahakama hiyo haina huruma na anayechelewa. Haihesabu kura tena. Kituo chako cha Unga Limited hakitazungumzwa pale, isipokuwa kama kilichotokea kinaonyesha serikali imevunja Mkataba.

Ukienda kwa wakili

Usiende na stori, nenda na faili. Kadi ya mpiga kura na kitambulisho cha taifa, asili na nakala. Yale maelezo uliyoandika siku ileile, bila kuyanakili upya yapendeze. Barua au fomu ya uamuzi, au maandishi kwamba ulinyimwa. Majina na simu za mashahidi wawili au watatu walioona, si ishirini waliosikia. Simu yenye picha zenyewe, usizifute baada ya kuzichapisha steshenari. Na karatasi moja yenye tarehe tu, moja chini ya nyingine: tukio, uamuzi, matokeo kutangazwa, leo.

Kama huna hela ya wakili, Moshi kuna KWIECO wanaotoa msaada wa kisheria, na Chama cha Mawakili Tanganyika kinaweza kukuelekeza kwa anayejitolea. Usiende asubuhi. Asubuhi mawakili wako mahakamani. Nenda kuanzia saa nane, na ukiona siku ya 30 iko karibu, mwambie karani wake tarehe hiyo kabla hujamwambia jina lako.